Gita la Jaduong' Limerudi Macalder, na Wimbo Haukukatika

Amerudi! Naandika haya masikio yangali yanavuma, maana nikingoja kesho nitaanza kuwa na adabu, na usiku wa kuamkia leo hapa Macalder haukuwa wa adabu hata kidogo. Mzee amepanda jukwaani, gita begani, kofia ya shambani kichwani, akapiga benga mpaka wachimba dhahabu wa Nyatike, watu wanaotakiwa kuwa shimoni alfajiri, wakasahau kwamba kuna alfajiri. Ukisikia mtu anasema benga ilizikwa pamoja na santuri, mlete kwangu.

Jina lake nimeombwa niliweke kando kwa sasa. Aliokoka, akaacha gita kwa zaidi ya miaka ishirini, na kuna watu kanisani ambao bado hawajaambiwa. (Kwa kelele zile, nadhani habari imeshawafikia.) Umati ulimwita Jaduong', yaani mzee kwa Kijaluo, nami nitakwenda na umati. Hakuwahi kuwa nyota wa Nairobi. Alikuwa fundi wa huku kwetu, wa baa za sokoni na harusi za Karungu na Muhuru Bay. Nyimbo zake chache zilizofika kwenye santuri zimezunguka katika kaseti, kisha katika flashi za matatu, hadi zikajulikana na watu ambao hawajawahi kumwona uso.

Jukwaa lenyewe lilikuwa mbao juu ya kreti za soda, nyuma ya baa, turubai moja juu na spika mbili pembeni. Ya kulia ilikuwa inakwaruza tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini tazama bendi: gita la solo, gita la pili, besi, dramu na waimbaji wawili. Hakuna kinanda! Kwa zaidi ya miaka ishirini sasa muziki wa ohangla ndio umeshika sherehe za Wajaluo, tangu enzi ya akina Tony Nyadundo, na kinanda kimoja kimekuwa kikila kazi ya watu watatu. Kuona magita matatu yamesimama safu moja kulinitosha. Nilishangilia kabla hawajapiga hata noti moja, na sikuwa peke yangu.

Kisha akaanza kuoanisha nyuzi. Polepole. Anageuza ufunguo, anasikiliza, anarudi nyuma kidogo. Mtu akapiga mbinja. Hakujali. Anacharaza kwa kidole gumba na cha shahada tu, bila kipande cha plastiki, na kucha ya kidole gumba ameiacha ndefu. Ilipolia ile sentensi ya kwanza ya gita, nyuzi mbili nyembamba zikipanda pamoja sambamba, akina mama waliokuwa wanakaanga samaki pale kando waliacha mafuta yakichemka wakaja mbele na miiko mikononi.

Kwa asiyeijua benga, kazi yake ni hivi. Mwimbaji anasema, gita linajibu, na besi haikai nyuma kama mgeni: inatembea, inaruka, inagomba. Mizizi yake ni nyatiti, kile kinubi cha nyuzi nane, ambacho mpigaji wake hugonga ubao wa chombo kwa pete ya chuma iliyovikwa kwenye dole gumba la mguu huku vidole vikicharaza juu. Wapiga gita wa Luo walihamisha kazi hiyo kwenye magita ya umeme, miaka ya sitini hivi, wakaongeza dramu. Mashairi yakiisha, waimbaji wananyamaza na gita linafunguliwa, linapanda ngazi kwa ngazi. Hapo ndipo watu huacha kusikiliza na kuanza kucheza.

Na hapo ndipo lilipotokea jambo la usiku. Sisi tunaozijua nyimbo hizi kutoka kwenye rekodi tunajua mahali zinapokatika. Santuri ndogo, ile ya mizunguko 45, ilibeba dakika tatu au nne hivi kila upande. Wimbo mmoja uligawanywa: upande wa kwanza maneno, unakatwa, unageuza, upande wa pili gita. Walioingiza kwenye kaseti waliacha ule mkato palepale, na walioingiza kwenye flashi nao wakauacha. Kwa hiyo umati mzima wa vijana ulikuwa unaimba naye neno kwa neno, ukafika pale pa kukatika, na wengine wakafunga midomo kwa mazoea. Jaduong' akapita! Hakukata. Solo ikaingia juu ya neno la mwisho la mwimbaji, moto kwa moto, mahali ambapo maisha yetu yote palikuwa na mkwaruzo wa sindano na kimya. Kijana aliyesimama mbele yangu alishika kichwa kwa mikono miwili. Mwingine akapaza sauti, "Kumbe inaendelea!" Nadhani huo ndio uhakiki bora kuliko wote utakaosoma kuhusu usiku huu, na huu wangu ukiwemo.

Santuri zilikuwa na kazi yake, msinielewe vibaya. Bila zile za Oluoch Kanindo, mfanyabiashara wa muziki ambaye baadaye aliingia bungeni, benga isingefika kusini mwa Afrika. Kule Zimbabwe watu waliuita muziki wenyewe kanindo. Lakini dakika tatu ni dakika tatu. Jaduong' wimbo mmoja aliupiga, kwa kukisia, robo saa, na hakuna aliyekaa.

Hakuna aliyekaa kwa sababu ya pakruok pia. Ugenini shabiki hupiga makofi akangoja wimbo uishe. Huku kwetu shabiki anasimamisha muziki! Anapanda na noti yake, anashika maikrofoni, anajisifu, anamsifu rafiki, shemeji au kijiji chake, anashuka, muziki unaendelea mahali pengine kabisa. Bendi inakula kwa hiyo, na mpigaji asiyejua kuongozana na pakruok atabaki amesimama kama nguzo ya stima. Niliogopa hapa. Miaka ishirini ni mingi, mikono huweza kukumbuka wimbo lakini ikasahau watu.

Mama mmoja, mnunuzi wa mawe ya dhahabu, leso kiunoni, vumbi la krasha bado kwenye nyusi, ndiye aliyefungua. Akasema yeye ni shimo kavu lisiloingia maji, anayeshuka mikono mitupu hupanda na kitu. Watu wakalipuka. Jaduong' hakurudi kwenye wimbo. Alisubiri kelele zishuke nusu, akapiga kwenye waya mmoja sauti ileile ya maneno ya yule mama, kupanda kwake na kushuka kwake, kama lugha yetu ya toni inavyoruhusu. Gita lilimsifu tena bila neno! Mama akageuka, akatoa noti nyingine. Baada ya hapo foleni haikuisha. Bodaboda wa Sori, mwalimu mstaafu, kijana aliyejisifu kwamba mkewe amemwacha lakini simu amemwachia. Kila mmoja alijibiwa kivyake. Waliotuma kwa M-Pesa walisomewa majina na kupigiwa pia, ingawa nakubaliana na mzee mmoja aliyenung'unika kwamba sifa bila noti mkononi ni barua isiyo na mwandiko.

Macalder inastahili muziki wa namna hii. Mgodi wa shaba ulikuwa hapa, ukafungwa mwaka 1966, na hata leo watu wanapasua mawe ya dhahabu kwa mikono na mashine ndogo. Mji wa mgodi huwa na pesa ya ghafla na huzuni ya ghafla, na bendi huzifuata zote mbili. Juu ya hayo, tuko jirani na Shirati, ng'ambo tu ya mpaka, Tanzania, alikozaliwa Daniel Owino Misiani mwaka 1940. Baba yake alikuwa mtu wa dini na alimvunjia gita. Misiani akaja Kenya, akaunda Shirati Jazz, akaitwa Mfalme wa Historia, akawekwa ndani mara kadhaa kwa ajili ya maneno ya nyimbo zake, na kila alipotoka alirudi kwenye maikrofoni. Ajali ya barabarani ilimuua Kisumu mwaka 2006. Jana nilihesabu fulana zenye picha yake mpaka nikachoka.

Kurudi, basi, si jambo geni katika benga. Ochieng Kabaselleh wa bendi ya Luna Kidi alikaa gerezani miaka kadhaa kwa madai ya uchochezi, kisha mwanzoni mwa miaka ya tisini akaibuka na nyimbo mpya mfululizo, kana kwamba alikuwa amezipanga foleni huko ndani. Mwaka 1997 akazipeleka Marekani. Mwaka uliofuata akafariki. Tofauti ni kwamba Kabaselleh alifungiwa na serikali. Jaduong' alijifungia mwenyewe, na mlango wa namna hiyo ni mgumu zaidi, kwa maana ufunguo unao na bado hufungui.

Anayenijia akilini zaidi ni mtu wa mbali, Son House, mpiga gita wa bluzi wa Mississippi, aliyevutana maisha yake yote baina ya mimbari na gita. Alirekodiwa mwaka 1941 na 1942, kisha akapotea machoni pa wapenzi wa muziki hadi mwaka 1964, alipopatikana Rochester, New York, akiwa na miaka sitini na kitu na gita hapigi tena. Aliyemkalisha chini akamkumbusha nyimbo zake mwenyewe alikuwa kijana mzungu, Alan Wilson, aliyekuja kusifika na bendi ya Canned Heat. Mwaka uliofuata mzee alikuwa studio, akirekodi.

Sasa sikia hili. Katikati ya usiku Jaduong' alifika mahali katika wimbo akapotea. Kabisa. Mkono wa kushoto ukakaa hewani. Kijana wa gita la pili, ambaye amejifunza kila kitu kutoka kwenye flashi ya mjomba wake, akainama karibu naye akapiga kile kipande, taratibu, kama alivyokipiga mzee mwenyewe kabla kijana huyu hajazaliwa. Jaduong' akasikiliza. Akacheka kwa sauti iliyoingia kwenye maikrofoni. "Hicho ni changu!" akasema, akakichukua, akakipiga haraka mara mbili zaidi, na kijana akabaki akimfukuza. Jamani! Nimeona matamasha yenye taa na moshi, sijaona kitu kitamu namna hiyo.

Kasoro zipo. Sauti yake ya kuimba imekwisha, nyimbo za juu amewaachia vijana, na mmoja wao anapenda mno kuongea juu ya solo. Mwendesha shughuli alistahili kunyang'anywa maikrofoni mapema. Mpiga dramu aliukimbiza wimbo wa tatu utadhani anadaiwa. Tena Jaduong' amekataa katakata nyimbo zake mbili za zamani zenye maneno ya chumbani, zile ambazo wengi walikuja kwa ajili yake. Walipozidi kuziitisha, aliweka gita chini akanywa maji mpaka wakanyamaza. Wengine walinuna. Mimi naona ana haki: mtu haachi wokovu wake mlangoni kama viatu.

Badala yake alitupiga na kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Bila kutangaza, bila mwimbaji, akaanza wimbo wa kitabu, ule ambao kila aliyepitia Shule ya Sabato anaujua, na huku Nyanza Kusini hao ni wengi mno. Kwanza pole, kikanisa. Watu wakatazamana: tucheze au tusimame wima? Ubeti wa pili besi ikaanza kutembea. Wa tatu dramu zikaingia, na ikawa benga tupu, na baa nzima inaimba tenzi, chupa juu, akina mama wa samaki wakishika sauti ya tatu bila kukosea. Kama kuna mzee wa kanisa aliyekuwa amejificha gizani kukusanya ushahidi, naapa alikuwa akiimba naye.

Katika ubeti wa mwisho jenereta ikazimika. Giza. Spika kimya, gita kubaki mlio mdogo wa waya. Watu hawakuguna hata sekunde. Waliendelea kuimba, makofi yakachukua kazi ya dramu, na kundi la wachimbaji kule nyuma likaimba mstari wa besi kwa midomo, noti kwa noti, mpaka bodaboda akarudi na dumu la mafuta. Umeme uliporudi, Jaduong' alikuwa bado anapiga, kwenye ufunguo uleule, kwenye mwendo uleule, na walikutana palepale.

Baada ya hapo ubishi ulihamia barabarani. Wazee wanasema solo yake imepungua, zamani alikuwa na noti nyingi zaidi. Vijana wanasema wazee hawakusikiliza. Mimi niko na vijana. Zamani, kwenye zile rekodi, alijaza kila nafasi; sasa anaacha mwanya, anaangalia nani anataka kusema, kisha anaingia. Wapo wanaotaka apelekwe studio wiki hii hii. Sijui kama ni busara. Studio itamrudishia ule mkato.

Akija upande wenu, nenda. Simama kushoto, mbali na ile spika mbovu. Beba noti ndogo ndogo kwa ajili ya pakruok, na uwe umeandaa sifa yako, maana foleni haina subira na mtu anayefikiri. Usimwombe zile nyimbo mbili. Na wenye baa, tafadhali, jazeni jenereta kabla ya saa sita.