Utoto wa Aivi

Mteremko hausumbui mkulima peke yake. Aliyelima Lushoto au Kisii anajua mvua ya masika inavyoweza kuhamisha udongo wa juu, ule wenye rutuba, ukaishia kwa jirani wa chini. Mwenye bustani ya maua huko Bristol au Sheffield, miji ya Uingereza iliyojengwa vilimani, ana kero hiyohiyo kwa kiasi chake. Nyuma ya nyumba ardhi inashuka, juu yake kuna miti mikubwa yenye kivuli kizito, na nyasi kivulini hudhoofika zikaacha udongo wazi. Hata pale zinapoota, kusukuma mashine ya kuzikatia kwenye mwinamo ni kutafuta kuvunjika mguu. Ndiyo maana wengi wao huukabidhi mteremko kwa mmea uitwao aivi.

Kuipanda si kazi ya kumsifia mtu. Aivi hutambaa, majani yake ni ya kijani mwaka mzima, na kila pingili inayogusa udongo hutoa mizizi. Hukatwa vipande vya shina, vikafukiwa kwa nafasi ya sentimeta 30 hadi 45, vikamwagiliwa mpaka vishike. Mwaka wa kwanza hakuna cha kuonyesha wageni. Baadaye hushika kasi, na baada ya miaka michache udongo hauonekani tena: matone ya mvua hupasukia juu ya majani, maji yakashuka taratibu. Tusiizidishie sifa, lakini. Mizizi yake ni ya juujuu, na kilima kinachoporomoka kutoka chini hakizuiliwi na aivi. Hapo panataka ukuta, au miti yenye mizizi mirefu.

Ninayetaka kumsifu ni yule anayeizuia.

Mmea huu una maisha mawili. Ukiwa chini majani yake yana ncha tatu hadi tano, na kwa kawaida hautoi ua wala tunda hata ukiachwa miaka. Ukikutana na mti au ukuta hupanda, ukijishikiza kwa vijizizi vifupi vyenye gundi. Ukifika juu penye jua hubadilika kabisa: majani hupoteza zile ncha, matawi husimama yenyewe bila kushika kitu, maua huchanua mwishoni mwa kiangazi na katika majira ya majani kupukutika, kisha huja matunda meusi ambayo ndege huyala na kuzitawanya mbegu. Mabadiliko haya yana ukaidi wake. Kata tawi la juu ulioteshe ardhini, nalo huwa kichaka kinachosimama, kana kwamba limesahau kutambaa. Mtunza mteremko, basi, ni mlezi wa ajabu: kazi yake ni kuhakikisha mtoto wake habalehe.

Anafanyaje? Hushika zana baridi inapokaribia kwisha, kabla ndege hawajaanza kujenga viota vichakani, kwa kuwa huko Uingereza sheria ya mwaka 1981 inafanya kuharibu kwa makusudi kiota kinachotumika kuwa kosa. Huvaa glavu na mikono mirefu, maana utomvu wa aivi huwasha ngozi za baadhi ya watu. Huanzia chini, akipanda na uso ukiwa umeelekea kilimani, akipapasa kwa mguu kabla ya kukanyaga, kwa sababu majani yale huficha mashimo na mawe. Pembezoni mwa njia hukata kwa sepeto kali, mstari mmoja ulionyooka. Kila shina la mti huachiwa duara tupu, na chochote kilichokwisha kuanza kupanda hukatwa. Hang'oi ovyo, kwani kung'oa huinua udongo uleule unaolindwa. Baada ya miaka kadhaa, mashina yakishakuwa manene na kusongamana kiasi cha panya kupata makao, huyapunguza yote kwa makasi makubwa karibu na ardhi. Kwa wiki kadhaa mteremko hutia huruma. Kisha majani mapya huja, madogo, yanayong'aa.

Kuna wanaouita mmea wa wavivu. Nadhani watu hao hawajawahi kuwa na jirani. Huko Oregon, Marekani, aivi ililetwa kutoka Ulaya kuwa pambo, ikatoka bustanini ikaingia misituni. Katika Forest Park ya jiji la Portland watu wa kujitolea wamekuwa wakizunguka mti hadi mti wakikata mashina yanayoupanda, ili yaliyo juu yakauke. Tangu mwaka 2010 jimbo hilo limepiga marufuku kuiuza. Mtu wa Oregon mwenye mteremko atafute mimea ya kwao, na sitambishia.

Uingereza, ambako aivi ni mzaliwa, fundi mzuri huonyesha ustadi wake mahali pengine pia: anajua wapi alegeze mkono. Huchagua kisiki kimoja kizee au kipande cha ukuta wa mawe, akaiacha aivi ipande mpaka ichanue. Maua yale huja wakati mengine mengi yamekwisha, na wako nyuki wanaoyategemea, hasa nyuki wa aivi, ambaye wanasayansi walimtambua kuwa spishi ya peke yake mwaka 1993 na ambaye alionekana Uingereza kwa mara ya kwanza mwaka 2001. Matunda nayo huwapitisha njiwa wa mwituni kwenye miezi ya njaa. Ndege wakishiba hudondosha mbegu popote watuapo, kwa hiyo miche inayochipua kwenye vitanda vya maua hung'olewa mapema, ingali na majani mawili matatu, udongo ukiwa na unyevu na mizizi haijashika.