Xizha: Mji Uliotengenezwa Vizuri Ukanyang'anywa Wenyewe

Tuanzie pale kazi ilipoharibikia. Mwaka 2003, ukarabati wa Wuzhen, mji wa maji mkoani Zhejiang, China, ulipovuka kwenda upande wa magharibi wa mji, unaoitwa Xizha, wasimamizi waliamua kuwalipa wakazi fidia na kuwatoa wote. Hawakuwatoa ili mafundi wafanye kazi yao kisha wao warudi. Waliwatoa moja kwa moja, nyumba zikabaki mikononi mwa kampuni inayouendesha mji. Xizha ikafunguliwa 2007 ikiwa na mifereji yake, madaraja yake, vichochoro vya mawe na zile nyumba za mbao zilizosimama juu ya nguzo ndani ya maji. Aliyekosekana ni mtu wa kusema hapa ni kwetu.

Kuhusu ufundi sina neno. Nyaya zimefukiwa, tope limezolewa mferejini, mabomba yamepitishwa chini ya mawe ya njia, na mbao zilizooza zimebadilishwa kwa mbao kuukuu zilizokusanywa sehemu nyingine. Kazi safi. Tuendelee.

Ili muone kosa lilivyoingia, rudini Dongzha, upande wa mashariki, uliofunguliwa 2001. Chen Xianghong, mzaliwa wa hapohapo, ndiye aliyekabidhiwa ukarabati wa Wuzhen mwaka 1999, na huko Dongzha aliwaacha wakazi majumbani mwao. Kilichofuata kila mpenzi wa miji hii ya maji anakijua: basi la watalii, picha mbili tatu darajani, pakiti ya keki za gusao, chupa ya sanbai, ile pombe yao ya mchele, na kabla ya jioni basi limeshaondoka. Wakazi nao wakageuza sebule kuwa maduka, la tano likiuza kilekile kinachouzwa na la kwanza. Kampuni ikatazama hali hiyo ikaona tatizo ni wakazi.

Hapo ndipo ninapogombana nao. Mtu anayekaa mjini kwa saa tatu hanunui chochote zaidi ya kikumbusho, na mwenye sebule humuuzia anachonunua. Ugonjwa wa Dongzha ulikuwa ziara ya nusu siku, na ziara ya nusu siku huzaliwa na geti la tiketi. (Wanaonisoma siku nyingi wanajua uhasama wangu na geti la tiketi. Haujapungua.) Kilichohitajika ni vyumba vya wageni kulala na utaratibu wa nani auze nini wapi. Xizha ilipewa vyote viwili, na bado geti likabaki, yuan 150 kuingia. Kwa hiyo dawa sahihi ilipatikana, ila ilitolewa baada ya mgonjwa kuondolewa kitandani.

Watetezi wa uamuzi ule wana hoja moja nzito, na siikwepi. Maisha ya kando ya mfereji yalikuwa ya ndoo za choo, unyevu ukutani na ngazi zinazolia, vijana wakikimbilia nyumba mpya za ghorofa. Wengi walichukua fidia kwa mikono miwili. Sawa kabisa. Lakini tazameni mpangilio wa kazi yenyewe. Mabomba ya maji taka yalifika hadi mlangoni, choo na bafu vikaingia ndani. Siku choo kilipoingia ndani ndiyo siku sababu ya kuhama ilipokufa. Siku hiyohiyo mkarabati mwenye jicho angeandika sharti la kurudi: anayetaka arudi, apangishe chumba cha juu, alale cha chini. Wasingerudi wote, pengine hata nusu wasingerudi. Kaya chache zenye haki ya kukaa zingetosha.

Badala yake wakaletwa wenyeji wa mkataba. Nyumba ni ya kampuni, kodi ya chumba huenda kwa kampuni, na mwenyeji, mara nyingine mtu wa Wuzhen hasa, hubaki na fedha za chakula anachowapikia wageni. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Xizha mgeni kaja, mwenyeji kaajiriwa.

Sasa tuingie kwenye sherehe, maana huko ndiko kosa linakosikika. Usiku wa tarehe 15 ya mwezi wa kwanza kwa kalenda yao, unaofunga shamrashamra za Mwaka Mpya, watu wa Wuzhen walikuwa na desturi ya kutembea madaraja. Masharti mawili: yasipungue kumi, na usirudie ulilokwisha kulivuka. Nyumba iliyouguza mtu ndani ya mwaka hubeba kile chungu kilichochemshiwa dawa za mitishamba, na akifika juu ya daraja mbebaji hukitupa mtoni, ugonjwa uende nacho.

Kuna ufundi mwingi ndani ya hayo masharti mawili kuliko macho yanavyodhani. Katika mji uliokatwa na mifereji, kuvuka madaraja kumi bila kurudia hata moja kunataka uijue mitaa: kichochoro kipi kinatokea nyuma ya duka la nani, ukingo gani haupitiki. Njia hiyo lazima ikupitishe milangoni kwa watu, wakuone, uwaone. Na kile chungu hakinunuliwi usiku ule. Kinatoka kwenye jiko lililotoa mvuke wa dawa miezi kadhaa, kikiwa na masizi yake chini na harufu ambayo haitoki hata ukikisugua. Aliyekishika anamjua aliyekunywa humo. Mnaomtazama kutoka ng'ambo ya mfereji nanyi mnamjua.

Xizha ya leo matembezi ya madaraja yapo. Wageni hushika fanusi, msafara hupita, madaraja yanawaka taa na maji yanarudisha rangi zote mara mbili. Picha zake sitawadanganya kwamba hazipendezi. Lakini chungu kitoke wapi? Mgeni wa siku mbili hajauguza mtu mjini hapo. Hana jirani wa kumkwepa wala wa kumsalimu, na njia anaonyeshwa. Wala msiniambie kuhusu taa zile zinazochora ukingo wa kila paa hadi mji mzima unaonekana kama mchoro. Hilo nimeshaliandika mpaka mhariri kachoka, na fanusi nyekundu zinazoning'inia mwaka mzima mpaka sikukuu haina cha kuongeza nimeshaziandika pia.

Soko la mashuani alfajiri lina kasoro ileile. Mashua zinakuja na mboga mbichi, picha ni nzuri, lakini wengi wa wanaoziinamia hawana jiko la kuzipikia.

Halafu kuna Xiangshi, soko la ubani, ambalo kwangu ndilo kipimo. Hufanyika kipindi cha Qingming, mwanzoni mwa Aprili, wakati wakulima wa mforsadi walipokuwa wanajiandaa kulea viwavi wa hariri. Walikuja mjini kuomba viwavi wasife, wakanunua zana za kazi, wakatazama michezo. Mmojawapo ndio ule wa mashua yenye nguzo, ambapo mtu hupanda mwanzi mrefu uliosimikwa juu ya mashua, mwanzi ukapinda kuelekea majini, naye akajinyonganyonga huko juu kumuigiza kiwavi anayetema uzi. Mchezaji wa Xizha anajua kazi yake, mgongo wake unafanya yote yanayotakiwa. Anachokosa ni hadhira yenye viwavi nyumbani. Aliyeacha trei za viwavi kwa mkewe akaja kutazama ule mwanzi ukipinda alikuwa na mavuno ya mwaka yakining'inia kwenye mwanzi huo. Sasa hivi mchezo una ratiba.

Mtu wa Wuzhen mwenyewe aliliona hili zamani. Mwandishi Mao Dun, aliyezaliwa pale 1896, aliandika insha juu ya Xiangshi mwaka 1933, akaeleza jinsi wafanyabiashara walivyojaribu kulifufua soko ili mzunguko wa fedha urudi, nalo likadorora kwa sababu wanavijiji, ambao ndio soko lenyewe, hawakuwa na fedha. Alikuwa ameshaandika hadithi ya familia ya wafuga viwavi inayopata mavuno mazuri na bado ikazama zaidi kwenye madeni. Nyumba ya Mao Dun imehifadhiwa Dongzha, na kaburi lake lipo Xizha. Inaonekana insha ile haikufika ofisini kwa kampuni.

Na hapa mtanivumilia nimtaje mzee wangu Ruan Yisan, profesa wa Chuo Kikuu cha Tongji. Miaka ya 1980 miji hii ilipokuwa inapigiwa hesabu ya barabara na viwanda, yeye alizunguka na ramani akiwaomba maofisa wakubali jambo moja la kawaida: mji mpya ujengwe kando, wa kale uachwe na watu wake. Mpango wa Zhouzhuang, mji mwingine wa maji, wa 1986 ni huo. Najua Zhouzhuang ya sasa ni nyama ya nguruwe ya Wansan kila hatua kumi, na nimeinung'unikia. Bado kuna nguo zinaanikwa na mtu anaitwa kwa jina dirishani. Huko Tongli, mji wenye madaraja 49, bibi na bwana harusi bado huvuka matatu yao, Taiping, Jili na Changqing, na anayetimiza miaka 66 huyavuka naye. Watalii huigiza pembeni wakiwa wamekodi machela, lakini wapo wa kuigwa. Mwaka 2003 UNESCO ikaitunuku kazi ya Ruan katika miji sita ya maji, Wuzhen ikiwemo. Mwaka uleule, mjini humohumo, Xizha ilikuwa inaanza.

Nitajibiwa kwa tamasha la michezo ya kuigiza la Wuzhen lililoanza 2013 na mkutano wa dunia wa intaneti ulioanza 2014. Yote mawili yanaendeshwa vizuri. Ila yanahitaji kumbi na vitanda, vitu ambavyo Xizha inavyo kuliko mji wowote wa maji, na ndiyo maana yanafaa pale.

Ushahidi wa mwisho uko mbali kabisa na miji hii ya kusini. Mwaka 2014 Chen Xianghong alifungua Gubei, chini ya Ukuta Mkuu huko Simatai, kaskazini-mashariki mwa Beijing: mji wa maji ulioiga ile ya kusini, mahali ambapo baridi inagandisha mfereji. Una fanusi, mashua, mabeseni ya rangi ya buluu ya kutia vitambaa, pombe, na sherehe za Mwaka Mpya. Kinachokosekana Gubei ukilinganisha na Xizha ni kidogo sana, na hilo ndilo ninalolilalamikia tangu mwanzo. Mwaka 2023 ikafuata Puyuan, mji wa kale wa hariri, si mbali na Wuzhen. Sikukuu yao ijayo mtaletewa picha za usiku kutoka huko. Msitazame taa. Tazameni madirisha ya juu, mhesabu mangapi yana kamba ya nguo.