Asilimia nne za Bwana Mapesa

Katika uchaguzi wa Tanzania wa 1995 John Momose Cheyo wa UDP aliambulia karibu asilimia 4 ya kura za urais, nyuma ya Mkapa, Mrema na Lipumba. Sasa tazama ubunge. UDP ilipata kama asilimia 3.3 ya kura na majimbo 3. CHADEMA, iliyopata takriban asilimia 6.2, nayo ilipata majimbo 3. Kura zake zilikuwa karibu mara mbili, viti vikalingana.

Siri ni kura zilikolala. Mfumo wetu humpa jimbo anayeongoza, hata kwa kura moja, na kura za aliyeshindwa haziendi popote. Chama chenye kura mia mbili hapa na mia tatu pale, nchi nzima, huvuna jumla nzuri na majimbo machache. Kura za UDP zilirundikana Usukumani, hasa Bariadi na majirani zake, wakati huo mkoani Shinyanga (Simiyu ilizaliwa 2012).

Kwa nini huko? Cheyo ni mtoto wa nyumbani, ndiyo, lakini hilo pekee halitoshi. Watoto wa nyumbani hushindwa kila uchaguzi. Mimi natazama pamba. Biashara yake ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi 1994, mwaka mmoja tu kabla ya kura, baada ya miaka mingi ya mkulima kuuza kwenye chama cha ushirika na kusubiri malipo. Mgombea akaja na ahadi ya kuwajaza watu mapesa, hadi akaitwa Bwana Mapesa. Dar es Salaam walicheka. Kwa mtu aliyesimama na marobota yake mbele ya mizani, huo ulikuwa mjadala wa bei.

Mwaka 2000 UDP ilipata tena majimbo 3. Mwaka 2005 na 2010 ilibaki na moja tu, Bariadi Mashariki, la Cheyo mwenyewe. Hata hivyo mbunge huyo pekee wa chama chake aliongoza Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, inayopokea ripoti ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) na kuwaita makatibu wakuu waeleze fedha zilikokwenda. Kanuni humtaka mwenyekiti wa kamati hiyo atoke upinzani, bila kujali ukubwa wa chama chake. Lakini wanaompigia kura ni wajumbe wenyewe, wengi wao wa chama tawala, CCM. Mpinzani mwenye chama kidogo na ulimi usiochoma alikuwa na nafasi nzuri hapo kuliko wengi wenye vyama vikubwa.

Mwaka 2015 UDP haikupata jimbo hata moja. Viti maalumu hugawiwa vyama vilivyofikisha asilimia 5 ya kura za ubunge, na UDP ilikuwa mbali na hapo, hivyo ilipopoteza Bariadi haikubakiwa na mlango mwingine wa kuingilia Dodoma.