Midundo 300 Ndani ya Dakika Moja: Namna ya Kusoma Kronografu ya Zama za Safari

Pasaka ya mwaka 1973, Shekhar Mehta akiwa na Datsun 240Z na Harry Källström akiwa na Datsun 1800 SSS walimaliza mbio za magari za East African Safari wakiwa sawa kabisa kwa adhabu. Baada ya maelfu ya kilomita za vumbi, mawe na matope, hesabu ya dakika haikuweza kuwatenganisha. Ikabidi kanuni ya ziada itumike: nani alifika mbali zaidi njiani kabla ya kupata adhabu? Ushindi ukaenda kwa Mehta, ukawa wa kwanza kati ya mitano aliyoipata katika mbio hizo.

Saa nyingi za kronografu za wakati ule zilidunda mara 18,000 kwa saa moja, yaani mara 5 kwa sekunde na mara 300 kwa dakika. Kifaa kilichoweza kugawa dakika moja vipande 300 kilikuwa mikononi mwa watu, lakini hesabu ya mwisho ilifungwa kwa dakika nzima. Anayekusanya saa za zamani asipoielewa tofauti hiyo, atanunua hadithi akidhani amenunua saa.

Naandika haya kwa sababu saa hizi zimeanza kutafutwa, na Ukambani si mgeni katika habari hii. Barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, iliyokuwa sehemu ya Safari kwa miaka mingi, hupita Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei, miji ambayo leo iko Kaunti ya Makueni. Ukivuka Mto Athi kutoka Kibwezi unaingia Kitui, kupitia Ikutha na Mutomo, njia ambayo sasa ni lami lakini wazee wanaikumbuka kwa mchanga na makorongo. Katika nyumba za huku zimo saa za mkono zilizoachwa na makanika, madereva wa malori, walimu na wafanyakazi wa reli. Nyingine ni za kawaida. Nyingine zina vitufe viwili ubavuni, na hizo ndizo wanunuzi huziulizia.

Muda ulivyohesabiwa

Njia iligawanywa vipande, na kila kipande kilikuwa na muda uliopangwa. Mwisho wa kipande palikuwa na kituo cha muda: meza, saa rasmi, na msimamizi aliyeandika kwenye kadi ya gari saa ya kufika. Kila dakika iliyozidi ikawa adhabu. Muda uliopangwa katika vipande vigumu ulikuwa mfupi mno, kiasi kwamba hata dereva bora alijua atapoteza. Alichotafuta ni kupoteza kidogo kuliko mwenzake.

Msimamizi akiandika dakika bila sekunde, gari lililofika saa 4:15 na sekunde 2 limeandikiwa sawa na lililofika saa 4:15 na sekunde 58. Lakini sekunde mbili baadaye, saa 4:16 ikigonga, ni adhabu nyingine. Kwa hiyo kazi ya sekunde ilikuwa kumwambia nevigeta, msaidizi aliyeketi kando ya dereva, ni lini dakika inageuka. Kama zimebaki sekunde 20 na meza inaonekana, dereva akanyage. Kama dakika imeshageuka, hakuna sababu ya kuvunja gari kwa ajili ya mita mia za mwisho.

Ili hilo liwezekane, saa ya ndani ya gari ilipaswa kwenda pamoja na saa rasmi. Saa nyingi za ufunguo za wakati ule hazikusimamisha mshale wa sekunde kitufe cha kurekebishia kilipovutwa. Kronografu ilitoa njia nyingine: mshale mrefu wa katikati husubiri kwenye sifuri mpaka kitufe cha juu kibonyezwe. Dakika ya saa rasmi ikigonga, unabonyeza, na kuanzia hapo mshale huo unageuza dakika sawasawa na meza ya msimamizi. Gharama ipo. Kronografu ikiachwa iende mfululizo hula sehemu ya nguvu ya springi, na gurudumu la mizani huanza kuyumba kwa upana mdogo zaidi.

Ndiyo maana magari mengi ya mbio hayakutegemea saa ya mkono peke yake. Mwaka 1958 kampuni ya Heuer ya Uswisi ilianza kuuza jozi ya saa za dashibodi iliyoitwa Rally Master: Master Time ilionyesha saa ya siku na kwenda siku 8 bila kutiwa ufunguo, na Monte Carlo ilihesabu muda hadi saa 12. Moja ilijibu sasa ni saa ngapi, nyingine ilijibu tumetumia muda gani. Jina la Autavia, ambalo Heuer waliliweka kwenye saa ya mkono mwaka 1962, walikuwa wamelitumia kwa saa ya dashibodi tangu 1933, nalo linaunganisha maneno ya magari na urubani.

Ukingo wa uso wa kronografu nyingi za mkono una namba za kupimia mwendo. Anza kuhesabu kwenye nguzo ya kilomita, simamisha kwenye nguzo inayofuata. Sekunde 45 mshale utaonyesha 80, sekunde 36 utaonyesha 100. Ni kugawa 3,600 kwa sekunde ulizopata. Nguzo zikiwa za maili, jibu ni maili kwa saa, kwa kuwa kipimo hakijali jina la umbali.

Chini ya kifuniko

Mjini Wote, Makueni, niliketi kando ya fundi wa saa wakati mzee mmoja alipoleta kronografu iliyokuwa ya kakake marehemu. Fundi hakuutazama sana uso wake. Alibonyeza kitufe cha juu, na mshale ukaruka kidogo kabla ya kuanza kwenda. Akausimamisha, kisha akabonyeza cha chini ili urudi, ukasimama nywele moja baada ya sifuri. "Mzee, hii imekula vumbi," akasema, kabla hata ya kuifungua.

Alipogeuza kifuniko, ukungu mwekundu ulikuwa umetanda karibu na shina la kitufe. Vumbi likichanganyika na mafuta makavu huwa kama msasa, na meno madogo yanayounganisha kronografu na mwendo wa saa ndiyo huumia kwanza. Kuruka kwa mshale hutokana na meno hayo kutoshikana vizuri. Fundi akasogeza kioo cha jichoni, akaelekeza taa chini ya gurudumu la mizani, akanionyesha namba iliyochongwa: 7733. Hiyo ni mashine ya Valjoux ya miaka ya 1970, inayoendeshwa kwa kamu, bamba lililokatwa ambalo wenzo hupanda na kushuka juu yake. Valjoux 72, iliyotengenezwa kati ya 1938 na 1974, hutumia gurudumu la nguzo, mfano wa mnara mdogo, na kitufe chake huwa laini zaidi kidoleni. Kamu si kasoro. Kasoro ni saa ambayo uso wake unadai kitu kimoja na mashine yake inasema kingine.

Namba hiyo ndiyo cheti cha kwanza. Cha pili ni rangi inayong'aa gizani. Uso wenye herufi T pande mbili za neno SWISS ulipakwa rangi ya tritiamu, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila baada ya miaka 12 na kidogo. Baada ya miaka 50 hubaki kama sehemu 1 kati ya 16. Basi uso wa mwaka 1970 unaowaka usiku kucha umepakwa upya. Uso wa zamani zaidi unaweza kuwa na radiamu, ambayo huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Huo usiukwangue wala kuupuliza, kwa sababu vumbi lake likiingia mapafuni ni hatari.

Cha tatu ni kingo za chuma. Mng'arishaji akizidisha, kingo kali huwa duara, na chuma kilichoondoka hakirudi. Mikwaruzo ya kazi ni ushahidi, iacheni.

Hukumu

Ukiambiwa saa fulani ilikimbia Safari, usikubali wala usikatae. Uliza kuna nini pamoja nayo: kadi ya muda, picha ya mwenyewe akiwa ameivaa, risiti ya duka, barua ya kazi. Mashine husema ilitengenezwa lini na ilifunguliwa vipi. Haiwezi kusema ilikuwa mkononi mwa nani. Vumbi jekundu nalo halithibitishi mbio. Mwalimu aliyepanda baiskeli kila siku kutoka Mutomo angelipata vilevile, na saa yake inastahili heshima ileile.

Kwa hiyo, ndugu wa Kitui na Makueni wenye saa kama hii sandukuni: msiiuze kwa dalali wa kwanza, na msimruhusu mtu kuing'arisha. Ipelekeni kwa fundi aifungue mkiwepo, mpige picha namba iliyo chini ya gurudumu la mizani. Kisha ketini na mzee anayemkumbuka mwenye saa, muandike jina lake, kazi yake na mwaka, na karatasi hiyo ikae pamoja na saa.