Mpangilio ni Uhakiki: Kuirudia Relics ya Pink Floyd

Mkusanyo wa nyimbo za zamani kwa kawaida huhesabiwa kuwa ghala: kilichotawanyika hukusanywa, kikatiwa bei nafuu, na mhakiki akakipita pasipo kusimama. Wasomi wa fasihi ya Kiswahili wana sababu ya kutolikubali jambo hilo upesi. Diwani ya Muyaka ilichapishwa na W. Hichens mwaka 1940, karne nzima baada ya kufa kwa mshairi. Anayeisoma leo humsoma Muyaka kwa mkono wa waliomkusanya na kumpanga. Ndivyo ilivyo kwa santuri ya Relics, iliyotolewa Mei 1971 kwa jina la bendi ya Kiingereza Pink Floyd. Nyimbo zake 11 zilirekodiwa kati ya 1967 na 1969, na mpangilio wake ni hukumu juu ya mtu mmoja aliyekwisha kuondoka, Syd Barrett. Hukumu hiyo ina haki ndani yake, na ina dhuluma pia.

Barrett ndiye aliyekuwa mwimbaji, mpiga gitaa na mtunzi mkuu wa bendi hiyo ilipoanza kurekodi mjini London, akiwa pamoja na Roger Waters, Richard Wright na Nick Mason. Katika muda wa mwaka 1967 akili yake ilianza kuyumba hata akawa hawezi kutegemewa jukwaani. Mwanzoni mwa 1968 David Gilmour aliongezwa, na mwezi wa Aprili kuondoka kwa Barrett kukatangazwa rasmi. Miaka mitatu baadaye bendi ilikuwa imeshika njia ya roki ya progresivu, yaani roki ya tungo ndefu zenye sehemu nyingi: Atom Heart Mother ya 1970 ina utungo mmoja unaojaza upande mzima wa santuri, pamoja na kwaya na wapiga tarumbeta. Relics ilitokea kabla ya Meddle, ambayo nayo ilitoka mwishoni mwa 1971, na iliuzwa chini ya nembo ya bei nafuu ya Starline.

Tuanze na haki. Upande wa kwanza hufunguliwa na “Arnold Layne”, santuri ndogo ya kwanza ya bendi, ya Machi 1967: kisa cha mwanamume aibaye nguo za wanawake zilizoanikwa kambani. Hufuata “Interstellar Overdrive”, utungo usio na maneno unaokaribia dakika kumi, kisha “See Emily Play”. Katika nyimbo mbili zenye maneno Barrett ndiye anayeimba. Wimbo wa nne, “Remember a Day”, ni wa Wright. Hapo Barrett husikika kwa gitaa lake tu, likiteleza na kulia nyuma ya sauti ya mwenzake. Wa tano, “Paint Box”, pia ni utungo na uimbaji wa Wright. Hivyo upande huu mmoja humsikilizisha mtu hatua za kuondoka: sauti kwanza, kisha chombo, kisha kivuli.

Upande wa pili huanza na “Julia Dream”, utungo wa Waters ulioimbwa na Gilmour. Mgeni amekwisha kuketi katika kiti cha mwenyeji. Lakini wimbo unaofuata una jambo la kutazamwa kwa makini. “Careful with That Axe, Eugene” umewekwa mahali pa pili katika upande wake, sawasawa na “Interstellar Overdrive” katika upande wa kwanza. Tungo hizi mbili hujibizana. Ule wa kwanza huanza na fungu zito la gitaa, ukalivunja, ukapotea katika kelele na ukimya, kisha ukalirudia fungu lile lile mwishoni. Wa pili huanza kwa kinanda kitulivu na besi isiyobadilika, ukapanda hadi ukelele wa Waters, kisha ukashuka taratibu hadi utulivu wake wa awali. Umbo ni moja: shwari, tufani, shwari.

Kwa ujirani huo mkusanyo unaikana simulizi iliyozoeleka, kwamba Barrett alikuwa mtu wa nyimbo fupi tu na kwamba tungo ndefu ziliwezekana kwa sababu aliondoka. Mbegu ilikuwamo tangu 1967, na yeye alikuwa miongoni mwa walioipanda. Hoja hii haionekani kwa urahisi katika albamu za awali zikisikilizwa mojamoja; imeonekana kwa sababu kuna mtu aliyezipanga hivyo.

Dhuluma imo katika yaliyoachwa. “Paint Box”, “Julia Dream” na “Careful with That Axe, Eugene” zilikuwa nyimbo za upande wa nyuma wa santuri ndogo tatu. Nyimbo za upande wa mbele wa santuri hizo hazimo. Mmojawapo ni “Apples and Oranges” wa Barrett, wa Novemba 1967. Zilishindwa sokoni, na yamkini hilo lilitosha. Lakini “Jugband Blues” haukuwa wimbo wa soko. Ndio utungo pekee wa Barrett katika A Saucerful of Secrets ya 1968, nao ndio unaoifunga albamu hiyo. Humo mtunzi husema kama mtu anayetambua kwamba hayupo tena mahali anapodhaniwa kuwapo. Ni ushahidi kwamba aliijua hali yake, na ushahidi huo umeondolewa.

Mahali pake pa kufungia pamepewa “Bike”, wimbo wa mwisho wa albamu ya kwanza. Baada ya “The Nile Song” wenye kishindo na “Biding My Time”, ambao ulikuwa haujatolewa kabla ya hapo na ambamo Wright anapiga tromboni, msikilizaji hurudishwa ghafla mwaka 1967, kwenye baiskeli, panya, na chumba cha saa na kengele zinazolia zenyewe. Wimbo ni mzuri. Hata hivyo, ukiwekwa hapo humwacha Barrett mlangoni akiwa mtoto wa ajabu, kitu cha kuchekesha katika duka la vitu vya kale. Na jina dogo la albamu linazitaja waziwazi antika na vioja.

Mwaka 2016 ulitolewa mkusanyo mkubwa, The Early Years 1965–1972, wenye diski 27. Ndani yake zimo “Vegetable Man” na “Scream Thy Last Scream”, nyimbo za Barrett ambazo kwa miongo mingi zilipita mikononi mwa watu kwa nakala zisizo halali. Yeye mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 2006. Mkusanyo huo umerudisha yaliyofichwa, wala Relics haiwezi tena kutumika kama ushahidi pekee wa miaka ile. Lakini wingi wa diski hauhukumu; humkabidhi msikilizaji kazi yote ya kuchagua. Relics ilichagua, na kwa kuchagua ilisema kweli moja kubwa na kuificha nyingine. Msomaji wa diwani yoyote anaweza kuanza na maswali mawili ambayo santuri hii yayadai: nani amewekwa kando ya nani, na nani amenyimwa neno la mwisho?