Shule Mbili za Tabora

Yako maandiko mawili ya Kiswahili ambayo kwa desturi hayawekwi katika rafu moja, nami naona kwamba yapaswa kusomwa pamoja. La kwanza ni maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyoyasimulia kwa maneno yake mwenyewe, yakachapwa Berlin na Heinrich Brode katika miaka ya 1902 na 1903, na baadaye kutolewa tena na W. H. Whiteley. La pili ni Elimu ya Kujitegemea ya Julius Nyerere, iliyotoka Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha. La kwanza ni habari ya mfanyabiashara wa pembe na watumwa. La pili ni hoja ya mtawala aliyepata kuwa mwalimu. Walakini waandishi wote wawili walifika Tabora wakiwa vijana, na huko kila mmoja alifunzwa kuwa mtu mzima, huyu na msafara, yule na darasa.

Tippu Tip hakawii katika utoto wake. Kwa mistari michache amekwisha kutuambia kwamba alipokuwa na umri wa miaka 12 alianza safari ndogo ndogo za biashara ya sandarusi, tena kwa mali kidogo, maana alikuwa mtoto. Na alipofika miaka 18 baba yake alimchukua bara. Huko Unyanyembe mzee huyo alikuwa na heshima kubwa kwa kuwa alioa katika nyumba ya mtemi Fundikira. Msomaji atafutaye mwalimu katika kurasa hizo hamwoni, wala haoni saa ya kuingia na saa ya kutoka. Aonacho ni frasila, bei, deni na njia. Hata mtihani upo: baba alipotaka kumweka chini ya mtu mwingine katika safari ya Urua, kijana alikataa kumfuata, na mwisho alikabidhiwa mali yeye mwenyewe. Lugha nayo yaenda kwa mwendo wa msafara. Sentensi ni fupi, kitenzi chenye -ka- chafuata kitenzi chenye -ka-, na karibu kila kitenzi kimebeba nafsi ya kwanza, umoja.

Nyerere aliingia Shule ya Serikali ya Tabora mwaka 1937, akakaa huko mpaka 1942. Shule hiyo ilikuwa imewekwa na Waingereza kwa mfano wa shule za bweni za kwao, na hapo mwanzo ilikusudiwa wana wa watemi. Yeye mwenyewe alikuwa mwana wa Mtemi Burito wa Wazanaki. Palikuwa na mabweni, viranja, kengele na Kiingereza. Mvulana wa msafara alitembea yapata miezi mitatu toka pwani, na njia yenyewe ilikuwa somo. Mwanafunzi wa zama za reli, ambayo ilifika Tabora mwaka 1912, alishushwa na garimoshi karibu na miembe ambayo misafara iliiacha nyuma, akaingia ndani ya ua.

Ua huo ndio unaoshitakiwa katika Elimu ya Kujitegemea. Mwandishi asema kwamba shule ya kikoloni ilimtenga kijana na jamaa zake na kumfundisha kujiona bora kuliko wao. Na kinyume chake ataja malezi ya zamani, ambamo mtoto alijifunza kwa kuishi na kwa kutenda. Hoja ni nzito, na imepangwa kwa nafsi ya kwanza, wingi: ni sisi tangu mwanzo hata mwisho. Yule mvulana wa Tabora hasemi hata mara moja kwamba alikuwako ndani ya ua huo. Mimi nasikitika kwa hilo, maana ushahidi wake ungeipa hoja nguvu, na ungeitatiza pia. Fikra iliyoishitaki shule ile ilinolewa kwa sehemu kubwa ndani yake.

Ugomvi wangu hasa uko katika neno kutenda. Ikiwa kipimo cha elimu ni kuungana kwake na maisha, basi hapakuwa na shule iliyofaulu kuliko msafara. Burton, aliyekaa Kazeh mwaka 1857, aliandika kwamba watoto wa Kinyamwezi walianza kubeba vipembe vidogo wangali wadogo sana. Na Tippu Tip alijifunza nini kwa kutenda? Wapagazi wa Uzaramo walipomtoroka, asimulia bila haya jinsi alivyovirudia vijiji vyao na kuwakamata watu kwa mamia, wakamwita Kingugwa. Huyo ni mwanafunzi aliyefuzu. Ni haki kukiri kwamba Nyerere alikuwa na shamba la ukoo katika mawazo yake, si msafara, na kwamba aliandika wazi kuwa elimu hurithisha maadili ya jamii. Lakini malezi ya zamani ameyapitia upesi mno, kama vile zamani ilikuwa moja tu. Katika magharibi ya Tanganyika zilikuwa nyingi, na baadhi yake zilikuwa na minyororo.

Nilipoyasomesha maandiko haya pamoja, nilitazamia kwamba wanafunzi wangu wangebishana juu ya mashamba ya shule. Badala yake msichana mmoja aliuliza ni wapi alipoandika mtoto aliyebeba mzigo nyuma ya Hamed, rika lake, aliyefika Tabora siku ile ile kwa miguu ile ile. Tulirudi katika kitabu tukatafuta. Wakuu wa misafara wametajwa kwa majina yao, na majina ya baba zao, na makabila yao; wapagazi wamehesabiwa. Tukafungua na Elimu ya Kujitegemea, tukamtafuta huko pia.