Kashata za Tairi

Mvua ya masika ikinyesha usiku kucha Maramba, asubuhi dereva wa Fuso lililosheheni machungwa hana haraka ya kuwasha gari. Hushuka, akatembea hatua ishirini thelathini mbele, akaubonyeza udongo kwa kisigino hapa na pale, kisha akarudi akiwa ameshajua apite mkono upi na kwa gia ipi. Halafu huinama nyuma ya gari kutazama matairi. Nimewaangalia watu hawa kwa misimu mingi, na heshima yangu kwao imekua kadiri nilivyoelewa wanachokitafuta pale.

Maramba imekaa chini ya milima ya Usambara ya Mashariki, wilayani Mkinga. Milima hiyo hukinga mawingu yatokayo baharini. Kule juu Amani mvua hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Huku chini udongo ni mwekundu, wa mfinyanzi. Kiangazi huwa mgumu kama tofali. Ukilowa, tabaka la juu huteleza kama sabuni, lakini chini yake, kina cha kidole kimoja au viwili, ugumu ungali upo. Kazi ya tairi la tope ni kuupasua ule utelezi, kuufikia ugumu na kuushika.

Ndiyo maana likaumbwa lilivyo. Yale matofali ya mpira mafundi huyaita kashata, na jina limekaa mahali pake: ukilitazama tairi jipya unaona kama sinia ya kashata za nazi zilizokatwa na kuachanishwa. Mgeni husifu unene wa kashata. Fundi husifu nafasi iliyo kati yake. Tairi la lami huacha kiasi cha robo ya uso wake wazi, maji yapate pa kupita. La tope laweza kuacha karibu nusu. Humo ndimo linamoingia tope lililopasuliwa. Nafasi ikiwa finyu, tope hujaa na kuganda, na tairi hugeuka duara laini la udongo linalozunguka bila kwenda popote. Ikiwa pana, na kuta za kashata zimelazwa kidogo badala ya kusimama wima, gurudumu likizunguka tope hurushwa nje, na kashata hurudi chini zikiwa safi, tayari kung'ata tena.

Hapo ndipo mguu wa dereva unapohitajika. Anayeanza hukanyaga mafuta kwa hofu, matairi yakachimba shimo, gari likakalia ekseli. Mzoefu huingia na gia nzito, taratibu, na habadilishi akiwa katikati. Akihisi usukani umekuwa mwepesi na gari linafifia, huongeza mafuta kwa kitambo kifupi, kiasi cha kuzitapisha kashata tope lake, kisha huachia zishike. Ukiwa umekaa pembeni yake unaisikia kazi hiyo: gari hutetemeka, tope hugonga chini ya bodi kwa kishindo, halafu utulivu, na safari inaendelea.

Utaona pia kwamba matairi ya mbele hayafanani na ya nyuma. Mbele huwekwa yenye mistari mirefu inayolizunguka tairi zima, kwa sababu kazi yake ni kuongoza, na mistari hiyo hulizuia gari lisihamie pembeni. Nyuma ndiko nguvu ya injini inakoshukia; huko hukaa kashata. Zile zilizopangwa kama mshale zina upande wake wa kufungwa. Zikifungwa kinyume, hukusanya tope katikati badala ya kulisukuma nje.

Sifa hiyo hiyo huwa kasoro mahali pengine. Ukishuka pwani, pande za Moa au Manza, kwenye mchanga wa minazini, hakuna ugumu wa karibu wa kuufikia. Kashata huchimba tu. Mwenye pikapu hupunguza upepo, tairi likalala na kukanyaga eneo pana zaidi. Mwenye lori lenye mzigo hathubutu, maana ubavu uliolegea chini ya tani kadhaa hupata moto ukapasuka. Yeye hutandika makuti mbele ya magurudumu, akasogea pole pole.

Mpira wenyewe si mgeni Tanga. Enzi za Wajerumani walowezi waliupanda mpaka bei ilipoanguka mwaka 1913, mpira wa mashamba ya Asia ulipofurika sokoni. Miaka mingi baadaye shamba la mpira la Kihuhwi, Muheza, lilikuwa chini ya General Tyre, kiwanda cha Arusha kilichoanza kutengeneza matairi mwaka 1971. Kiwanda kilisimama mwishoni mwa miaka ya 2000. Leo matairi huvuka bahari kutufikia, na bei yake inajulikana kwa kila mwenye lori. Kwa hiyo anayeliongezea tairi maisha ni mtu wa maana.

Namjua fundi mmoja mtu mzima ambaye, mbali na kuziba pancha, huchonga kashata upya. Kisu chake hupashwa moto, nacho hufuata mfereji ule ule wa kiwandani, milimita kwa milimita, mpira ukitoka kama utepe mmoja usiokatika. Kwanza hupima kina kwa msumari sehemu kadhaa. Tairi ambalo kiwanda hakikuandika ubavuni kwamba laweza kuchongwa, halichongi, hata mwenye gari abembeleze vipi. Nilimuuliza sababu. "Mwanangu," akaniambia, "ule mpira uliobaki juu ya waya ndio roho ya dereva. Siugusi." Akaendelea na tairi alilokuwa nalo.

Safari ikifika Mabokweni, penye lami ya Tanga–Horohoro, dereva husimama. Anajua kwamba tairi lililomvusha sasa ni mzigo. Mpira unaogusa lami ni kidogo, hivyo barabara ikilowa breki huchelewa kushika. Kashata ndefu hujipinda kwenye kona, huisha upesi, na hudai mafuta zaidi. Utingo huchukua nondo akachokoa mawe yaliyobanwa kati ya matairi mawili ya nyuma, maana jiwe likifyatuka humpata aliye nyuma, na likibaki hukata ubavu. Kisha hugonga tairi moja baada ya jingine, akitega sikio. Lenye upepo hujibu kwa mlio unaodunda. Lililoishiwa hujibu kwa kishindo kizito, kilichokufa, hata kama kwa macho limesimama sawa kwa kubebwa na mwenzake. Hugonga yote, bila kuruka hata moja, mvua inyeshe isinyeshe.

Ndipo lori huingia lamini. Kashata huanza kuvuma, na dereva huacha mbele yake nafasi kubwa kuliko wenzake barabarani. Gari dogo huja likaijaza. Naye hupunguza mwendo, akaiacha tena.